Nani Ameshika Upawa?

Msiba ukitokea Guta, kama ukitokea kijiji kingine chochote cha Bunda, Butiama au Musoma, waombolezaji hawaulizi kwanza magunia mangapi ya unga yameletwa. Wanatazama nani amekabidhiwa stoo na nani ameshika upawa. Familia yenye busara huwapa kazi hiyo watu wasio na kesi na upande wowote wa ukoo, maana inajulikana kwamba chakula kikigawiwa na mwenye kisasi, kuna watakaorudi kwao na njaa ilhali walikaa mbele ya sufuria. Mwaloni mambo ni hayo hayo. Mvuvi aliyeleta sangara atabishana kuhusu bei, lakini jicho lake liko kwenye mizani, na zaidi kwa yule anayeisoma. Ni ujuzi wa kawaida ambao hakuna anayeusomea, na bado hukosekana mahali ambapo ungeokoa watu wengi zaidi, yaani katika operesheni mpya ya misaada kwenye eneo lililoguswa na vita.

Anayetumwa kuongoza operesheni ya namna hiyo hupimwa kwa vitu vinavyohesabika: malori yamefika lini, maturubai mangapi yamegawiwa, kila mtu anapata lita ngapi za maji. Sidharau vipimo hivyo, nitavirudia. Lakini uamuzi mzito kuliko yote anaoufanya, mara nyingi bila kujua kwamba anaufanya, unahusu mkono: nani atawahesabu watu, nani atatunza orodha, nani atasimama kati ya gunia na mwenye njaa. Kosa la malori hurekebishwa mwezi wa pili. Aliyepewa orodha wiki ya kwanza, kufikia mwezi wa pili amekwisha kuwa serikali, na serikali haiondolewi kwa barua.

Ushahidi mkubwa wa jambo hili uko ng'ambo ya ziwa letu. Tarehe 6 Aprili 1994 ndege ya Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda ilidunguliwa Kigali, na mauaji ya kimbari yakaanza. Maiti ziliteremka na Mto Kagera hadi Ziwa Victoria, na watu wa mwambao wakaogopa kula samaki. Kwa namna hiyo ya kutisha, vita vya Rwanda vilikuwa habari ya wavuvi, si ya wanadiplomasia peke yao. Tarehe 28 na 29 Aprili, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, wakaingia wilaya ya Ngara. UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ilikuwa haijawahi kuona umati mkubwa kiasi hicho ukikimbia kwa kasi ile. Walitua Benaco, mahali palipobaki na jina la kampuni ya Kiitaliano ya ujenzi wa barabara. Pori lililokuwa na utulivu likapata, ghafla, wakazi ambao miji michache ya Tanzania ilikuwa nao wakati huo.

Kwa vipimo vya kawaida, Benaco ilifanikiwa, na haki itendeke kwa walioiendesha. Ilisaidia kwamba miezi sita kabla, baada ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi kuuawa Oktoba 1993, maelfu kwa maelfu ya Warundi walikuwa wamekimbilia upande huu, kwa hiyo mashirika yalikuwa tayari mkoani, yakiwa na watu, magari na akiba. Maji yalivutwa, vyoo vikachimbwa, wagonjwa wakatibiwa. Linganisha na Goma, nchini Zaire ya wakati ule, ambako katikati ya Julai mwaka huo huo karibu watu milioni moja walimiminika kwa siku chache juu ya mwamba wa volkano usiochimbika choo. Ndani ya mwezi mmoja walikufa karibu watu 50,000, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Kipimo kinachotumiwa duniani kutangaza dharura ni kifo kimoja kwa siku kwa kila watu 10,000. Goma ilivuka 20. Benaco haikupata balaa hilo.

Tatizo la Benaco halikuonekana kwenye takwimu za zahanati. Watu waliovuka Rusumo hawakuwa kundi lililotawanyika. Walikuja na komuni zao, yaani maeneo yao ya utawala, wamepangwa kama walivyokuwa wamepangwa nyumbani, na mbele yao walikuwapo wakuu wa komuni, makarani na wanamgambo wao. Kambi ikagawanywa kwa komuni. Chakula kikapitia kwa wakuu hao, kwa sababu inayoeleweka kabisa: mtumishi wa shirika aliyefika jana, asiyejua Kinyarwanda, anakutana na mtu aliyevaa vizuri, anayezungumza Kifaransa safi, ana orodha ya watu wake mkononi na anaahidi utulivu siku ya mgao. Nani angemkataa? Orodha ile ilionekana zawadi. Kumbe aliyeiandika alikuwa amejiandikia mamlaka. Kila familia ilijifunza siku ya kwanza kwamba njia ya kwenda kwenye mahindi na maharage inapita mlangoni kwa mtu yule yule aliyewaongoza walipokuwa Rwanda, na baadhi ya hao walikuwa wameongoza mauaji.

Jean-Baptiste Gatete, aliyewahi kuwa mkuu wa komuni ya Murambi, alikuwa mmoja wao. Juni 1994, ilipojaribiwa kumwondoa Benaco, maelfu ya watu wenye silaha za jadi waliwazingira wafanyakazi wa misaada, na polisi wa Tanzania wakalazimika kufyatua risasi hewani. Miezi miwili haikuwa imetimia tangu siku ya daraja. Katika muda huo mfupi, wageni waliokuwa wanalisha kambi nzima walijikuta hawawezi kumtoa humo mtu mmoja. Gatete alikamatwa mwaka 2002 nchini Kongo-Brazzaville, akahukumiwa na Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha kifungo cha maisha mwaka 2011, na mwaka uliofuata rufaa ikakipunguza kuwa miaka 40. Sheria ilimfikia baada ya miaka minane. Mgao ulikuwa umemfikia mara moja.

Goma ilirudia somo hilo kwa herufi kubwa zaidi, kwa kuwa huko lilikuwapo pia jeshi zima lililoshindwa vita. Idadi ya watu ilitajwa kubwa kuliko ukweli, tofauti ikauzwa au ikalisha wapiganaji, na familia zilitozwa sehemu ya chakula chao baada ya kukipokea. Sadako Ogata, aliyekuwa mkuu wa UNHCR, aliomba kikosi cha kimataifa kiwatenge wenye silaha na raia; mataifa hayakuwa tayari, na mwanzoni mwa 1995 shirika likaishia kulipa askari 1,500 wa Zaire walinde kambi. Tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka liliondoka Goma Novemba 1994, na Tanzania muda mfupi baadaye, likisema kwamba misaada imegeuka nguvu ya wauaji. Nawaheshimu kwa kuondoka. Ila ni lazima kuuliza kwa nini hoja hiyo ilibidi itolewe kwa kufunga virago. Mgeni ana sauti kubwa zaidi siku anapofungua gunia la kwanza, wakati bado hakuna aliyezoea kumdai. Kufikia Novemba, kambi ilikuwa imejifunza kuishi hata bila yeye, na mashirika mengine yaliziba pengo lake.

Kuna jibu kali dhidi ya haya yote, nalo hutolewa na watu waliowahi kusimama kwenye matope ya kambi, si na wabishi wa barazani. Wanasema: mtoto anayeharisha hasubiri uchunguze ukoo wa mgawaji. Wana haki, na Tanzania inao mfano wake. Mei 2015, jaribio la mapinduzi na machafuko ya Bujumbura yaliposukuma Warundi kuvuka, makumi ya maelfu yalijazana Kagunga, kijiji cha wavuvi kilichobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika, kisicho na barabara. Njia ya kutoka ilikuwa maji tu, na chombo kikubwa kilichopatikana kilikuwa MV Liemba, meli ya Wajerumani iliyojengwa mwaka 1913, ikipakia watu mia kadhaa kwa safari kwenda Kigoma. Kipindupindu kilitangulia. Kufikia tarehe 22 Mei wagonjwa walikuwa wamefikia takriban 3,000 na watu 31 walikuwa wamekufa, wawili wao Watanzania. Pale, kiongozi aliyeanza kwa kuitisha mkutano wa kuchagua kamati ya mgao angestahili kufukuzwa kazi. Ilitakiwa meli, klorini na chumvi ya kurudisha maji mwilini.

Lakini tazama kilichookoa watu Kagunga: maji, dawa na usafiri, yaani vitu ambavyo mtu hupewa moja kwa moja, mwilini mwake, akiwa amesimama mwenyewe. Chanjo haiwezi kutozwa ushuru njiani. Ndoo ya maji ya bombani ni vigumu kuihodhi bomba likiwa wazi. Chakula kikavu, mafuta, mablanketi na kadi za mgao ndivyo vinavyohifadhika, vinavyouzika na vinavyonunua utii. Kwa hiyo haraka na tahadhari havigombani kama inavyodhaniwa. Vinahusu bidhaa tofauti. Kiongozi anaweza kukimbia na maji na tiba kuanzia saa ya kwanza, na wakati huo huo akakataa kukabidhi orodha ya chakula kwa mtu wa kwanza kujitokeza. Wiki mbili za kugawa uji uliopikwa hadharani, kwa foleni isiyo na majina, ni usumbufu mkubwa na gharama, tena wapishi huchoka. Ila uji ukishaliwa hauwezi kuchukuliwa tena, na katika wiki hizo mbili kiongozi hupata nafasi ya kujua anazungumza na nani.

Kujua huko kunahitaji masikio, na hapo ndipo operesheni nyingi hujikwaa kwa jambo dogo la lugha. Mkalimani ndiye upawa wa maneno. Anayeajiriwa kwa sababu anajua Kifaransa au Kiingereza mara nyingi anatoka kwenye tabaka lile lile la makarani na wakuu, kwa hiyo malalamiko dhidi ya mkuu wa komuni humfikia mgeni yakiwa yamepitia kwa binamu wa mkuu wa komuni. Ngara ilikuwa na dawa yake mlangoni. Kihangaza ni ndugu wa karibu wa Kirundi na Kinyarwanda. Mama wa Kihangaza angeweza kuketi na mama aliyevuka daraja, wakaelewana bila mtu wa tatu. Katika Kongo ya mashariki, Kiswahili hufanya kazi hiyo hiyo, na Mtanzania anayepelekwa Kivu ana mtaji ambao mwenzake wa Geneva hana, endapo tu hatajifungia ofisini akiandika ripoti za Kiingereza.

Pingamizi la pili ni la kanuni. Wahudumu wa misaada, husemwa, hawapaswi kuwachagulia watu viongozi. Kazi yao ni kulisha bila kupendelea, na siasa waachiwe wenyewe. Maneno mazuri, lakini yanadhani kwamba kuna njia ya kugawa chakula bila kuchagua. Haipo. Anayepitisha mgao kwa mkuu wa zamani amemchagua mkuu wa zamani. Anayeupitisha kwa vikundi vya kaya ishirini ishirini, vinavyojichagulia mwakilishi na kupima posho yao upya kwenye mizani iliyowekwa hadharani, naye amechagua. Tofauti ni kwamba wa pili amechagua utaratibu ambao mtu anaweza kuuondoa mwenyewe, kama wanakijiji wanavyoweza kumkataa balozi wa nyumba kumi aliyekula michango. Kutopendelea hakumaanishi kutojali nani anapima. Refa asiyependelea ndiye hasa anayekagua mpira kabla ya mechi.

Siku hizi kuna jibu la tatu, la kisasa zaidi: mashine. Alama za vidole na picha za macho zimeingia karibu kila kambi kubwa ya Afrika Mashariki, na zimefanya kazi ya kweli. Uganda mwaka 2018, baada ya maofisa kusimamishwa kazi kwa tuhuma za kukuza idadi, uhakiki wa wakimbizi wote kwa alama za vidole ulishusha hesabu kutoka takriban milioni 1.4 hadi takriban milioni 1.1. Takriban laki tatu za majina hazikupata mwenyewe. Hata hivyo mashine inajua mtu mmoja tu, yule aliyeweka kidole. Haijui kilichompata hatua mia mbili mbele, njiani kurudi kwenye hema, alipokutana na vijana wanaokusanya mchango wa lazima. Vivyo hivyo kwa viwango vilivyoandikwa baada ya aibu ya 1994, ambavyo leo kila kiongozi anavikariri: lita 15 za maji kwa mtu kwa siku, kilokalori 2,100 za chakula. Kilokalori hizo huhesabiwa kwenye mizani ya mgawaji. Hakuna anayezihesabu kinywani.

Msomaji wa Mara anaweza kusema: mbona sisi tuliwahi kufanya vizuri zaidi, enzi za Mwalimu? Ni kweli kwamba Julius Nyerere wa Butiama alipewa Nishani ya Nansen mwaka 1983 kwa jinsi nchi ilivyowapokea wakimbizi, na haikuwa heshima ya bure. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipewa ardhi Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo. Mpangilio wa nani ameshika nini uliandikwa waziwazi: serikali ilitoa ardhi na mkuu wa makazi, UNHCR ilitafuta fedha, na TCRS, shirika la Walutheri lililoanza mwaka 1964, lilijenga visima, shule na barabara, kwa makubaliano kwamba siku moja litaikabidhi kazi hiyo na kuondoka. Familia zilipopata shamba, upawa ulirudi mikononi mwao wenyewe, na hilo ni suluhisho kubwa kuliko mbinu yoyote ya mgao. Lakini tusijipambe kupita kiasi. Chama cha Palipehutu, kilichokuja kupigana vita Burundi, kilianzishwa Mishamo mwaka 1980, katikati ya mpangilio huo mzuri. Siasa ya waliofukuzwa kwao haizuiliki kwa ramani ya mashamba. Kiongozi wa misaada hana uwezo wa kuizima, wala si kazi yake. Uwezo alio nao ni mdogo na mahususi: kuamua kama magunia yake yatakuwa kuni za moto huo.

Na upawa si wa chakula peke yake. Ebola ilipoingia Kivu Kaskazini mwaka 2018, iliua watu zaidi ya 2,200 kabla ya kuisha mwaka 2020, ingawa safari hii chanjo ilikuwapo. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto ndani ya wiki moja. Waliotazama kwa mbali walilaumu ujinga na uvumi. Waliosikiliza walisikia jambo jingine: katika eneo ambalo raia walikuwa wakichinjwa kwa miaka bila mtu kuja, ghafla yalikuja magari mapya, mishahara ya dola, nyumba zilizopangishwa kwa bei kubwa, yote kwa ugonjwa mmoja ambao wageni waliuogopa. Watu wakaiita biashara. Tume huru iliyochunguza mwenendo wa watumishi wa operesheni ya Ebola ilipotoa ripoti yake Septemba 2021, ilieleza jinsi baadhi yao walivyowadai wanawake miili yao ili wapate kazi. Ajira nayo ilikuwa mgao, na hakuna aliyekuwa ameweka mizani hadharani.

Ndiyo maana habari za Goma za mwaka 2025 hazipaswi kusomwa kama habari za vita tu. Mwishoni mwa Januari mji uliingia mikononi mwa waasi wa M23. Mwezi uliofuata watu waliokuwa kambini pembezoni mwake waliambiwa waondoke, na kambi kama Bulengo, zilizokuwa zimebeba maelfu kwa maelfu ya familia, zikabaki viwanja vya mawe meusi na vipande vya turubai. Wakati huo huo Marekani ilikuwa inasimamisha sehemu kubwa ya fedha zake za misaada, kwa hiyo kinachoanzishwa sasa Kivu kinaanzishwa na mfuko mwembamba, chini ya watawala ambao dunia haiwatambui lakini ambao ndio wenye funguo za barabara. Orodha za zamani hazina tena watu wake. Atakayetumwa huko atafika na daftari tupu, na kabla hajauliza malori yamekwama wapi, kuna mtu atakuwa amemtangulia mlangoni: amevaa vizuri, lugha yake safi, ana majina yote mkononi, yamepangwa kwa alfabeti.